Masale ya Shangazi

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Rau, hapa Moshi mjini, na wanaonifahamu wanajua mdomo wangu hauna breki. Mteja akikaa kwenye benchi kusubiri suruali ipunguzwe, tutaongea siasa, tutaongea dini, tutaongea bei ya sukari, na mwisho lazima tufike kwenye vihamba. Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Nimewahi kumrudishia mtu kitambaa chake hakijashonwa kwa sababu alisema binti hana cha kudai kwao. Sijuti hata kidogo.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema, asije mtu akasema nimemzunguka: mtoto wa kike ana haki ya kihamba sawa na kaka zake. Kihamba ndilo shamba letu la nyumbani, lenye migomba, kahawa, banda la ng'ombe na makaburi ya wazee. Kitinda mimba wa kiume hubaki kwenye nyumba ya wazazi, kaka zake hupewa vipande vyao, na binti hupewa harusi na baraka. Ataolewa, kwake ni kwa mumewe. Wengi wanaotuambia hivyo wanaishi Dar es Salaam. Wamejenga majumba huku mlimani, mageti makubwa, vioo vinang'aa, na wanalala humo wiki ya Krismasi tu. Mwaka mzima uliobaki wanakaa humo mlinzi na popo, na wanaopalilia migomba ni wanawake. Sasa mwenye shamba hapo ni nani? Haya, nijibuni.

Lakini maneno ni rahisi, na mimi ni mtu wa maneno. Shangazi yangu si mtu wa maneno. Yeye ndiye aliyefanya jambo ambalo mimi na benchi langu lote tusingethubutu.

Shangazi ni dada wa marehemu baba yangu. Aliolewa Kahe, huko chini kwenye mashamba ya kumwagilia, na hakujaliwa mtoto. Mumewe alipofariki, shemeji zake walilima mpaka karibu na mlango wake, kisha wakamwambia arudi kwao. Akarudi Marangu kwa bibi, akamkuta hawezi tena kujiinua kitandani. Kwa miaka mingi shangazi alimwogesha mama yake, akampikia mtori wa ndizi na nyama, akashuka bondeni kukata majani ya ng'ombe na kupanda nayo kichwani. Kahawa ambayo majirani walikuwa wameshang'oa, yeye aliipogoa mpaka ikazaa. Alijijengea kijumba cha mbao kando ya mfereji, pale pale shambani. Baba mdogo, kitinda mimba wa bibi, alikuwa akitoka Dar kila Desemba, anazunguka migombani mikono mfukoni, anasema, "Dada, kumependeza." Na kweli kulikuwa kumependeza.

Kisha bibi akafa. Tukamzika kihambani, watu wakalia, pombe ya mbege ikanywewa, na matanga yalipokwisha wazee wakaitisha kikao cha ukoo. Wanaume walikaa kwenye viti uani, sisi wanawake tulikuwa jikoni. Shangazi aliitwa mwishoni, nami nikajipenyeza nyuma yake bila kuitwa.

Baba mdogo akaeleza mpango wake. Anakaribia kustaafu, anataka kujenga nyumba kubwa na kuzungushia ukuta kihamba chote. Kijumba cha shangazi itabidi kiondoke. Nisimsingizie, baba mdogo si mtu mbaya. Alisema atamtafutia dada yake chumba Moshi mjini, karibu na mimi, ili awe na mtu wa kumwangalia. Alisema kwa upole kabisa. Lakini mimi nilimwaza shangazi kwenye chumba cha kupanga, hana mgomba wa kukata wala ng'ombe wa kumwamsha, moyo ukaniuma.

Shangazi alisimama, akashika ncha za kitenge chake. Akasema haombi shamba lote. Anaomba kipande kilipo kijumba chake, akae hapo mpaka afe, na akifa azikwe hapo hapo.

Mzee wa ukoo wetu, ambaye neno lake kwa kawaida ndilo la mwisho, akakohoa. "Mwanangu, sisi tunakupenda," akasema. "Lakini wewe ni mtu wa Kahe sasa. Kwa mila yetu hakuna isale la mwanamke."

Kwa asiyetoka kwetu, isale, yakiwa mengi masale, ni mmea wenye majani marefu ya kijani, na ndio mpaka wetu. Ukimkosea mtu sana, unampelekea jani lake kuomba msamaha, naye atakusikiliza hata kama ana hasira. Na isale likishapandwa mpakani haling'olewi. Anayeling'oa anajitafutia balaa, yeye na wanawe. Hilo mtoto wa kwetu hulijua kabla hajajua kuhesabu.

Mimi hapo nilishapanda mori. Nikawaambia sheria ya nchi inampa mwanamke ardhi, kuna baraza la kata, tutaonana huko, na mengine ambayo siyaandiki. Wakaniambia nikae chini. Shangazi akanishika mkono, akaninong'oneza, "Nyamaza, mwanangu. Unawapa sababu." Kisha akawashukuru wazee kwa kumsikiliza, akaenda kukamua ng'ombe. Nilimkasirikia siku nzima. Nilidhani amekubali.

Jumapili iliyofuata hakwenda ibada ya kwanza, yeye ambaye hata mvua ya masika haikuwahi kumzuia. Mimi nilikwenda, na kuomba kwenyewe sikuomba, nilikuwa nakunja uso tu. Tulipokuwa tunarudi, barabara imejaa watu na nguo zao za kanisani, tukamkuta shangazi kihambani. Amevaa gauni lake la Jumapili, lile nililomshonea mwenyewe, miguu peku, jembe mkononi. Alikuwa amekata vipande vya masale kutoka kwenye mpaka aliouweka babu, anavipanda kwa mstari ulionyooka, kafunga na kamba kabisa, kutoka mferejini mpaka kwenye kahawa.

"Habari za kanisani?" anawasalimu watu, huku anashindilia udongo kwa kisigino.

Watu wakasimama. Mwanamke anapanda masale, tena mchana kweupe, tena mbele ya waumini. Nilitazama alipopitisha mpaka wake, na asikwambie mtu, nilimheshimu zaidi. Hakuwa na tamaa. Alichukua kijumba chake, migomba michache, mparachichi mmoja na mahali pa kaburi. Kaburi la bibi aliliacha upande wa kaka yake, na kahawa nzuri aliyoilea mwenyewe aliiacha huko huko.

Baba mdogo akaja mbio na panga. Alipofika kwenye mstari akasimama.

"Dada, ni nini hiki?"

"Ni mpaka, mdogo wangu."

"Ng'oa."

"Mimi ndiye niliyepanda. Nyie mnaosema si mpaka, ng'oeni."

Baba mdogo akamtazama mzee wa ukoo, ambaye naye alikuwa ameshafika na fimbo yake. Mzee akafikiri, akasema kwa kuwa aliyepanda ni mwanamke, basi hili si isale la mpaka, ni mti tu kama miti mingine.

"Sawa, mzee wangu," shangazi akamwambia, na akampisha kwa adabu. "Kama ni mti tu, anza wewe."

Mzee akaitazama fimbo yake. Ana watoto, ana wajukuu, na mmoja alikuwa anaumwa wiki hiyo hiyo. Akamgeukia binamu yetu mmoja, mwinjilisti, ambaye kila akipewa nafasi ya kusema hutuambia mila ni giza. "Wewe umeokoka," mzee akamwambia. "Mambo haya huyaamini. Hebu ng'oa."

Mwinjilisti akasema mgongo unamsumbua. Baadaye akaongeza kwamba, hata hivyo, leo ni Jumapili, si siku ya kazi.

Nilicheka mpaka nikaushika mgomba. Barabara nzima ilicheka, na namwona baba mdogo mpaka leo, anavyojikaza asicheke na panga lake mkononi. Hakuna aliyegusa hata jani. Watu wakatawanyika kwenda kula, na shangazi akaendelea kushindilia udongo.

Tangu hapo nimeligombania jambo hili kwenye benchi langu mara nyingi. Kuna wazee wanaosema shangazi aliwachezea watu shere. Kuna dada mmoja msomi, namshonea sare za ofisini, anasema shangazi alikosea: angekwenda barazani, ashinde kwa sheria, wanawake wengine wapate njia. Huyo dada ninamsikiliza, kwa sababu ana hoja. Si kila mwanamke ana ndugu waoga wa masale. Kesho mwingine atapanda yake na atakutana na mtu asiyeogopa chochote, na huyo atahitaji hakimu. Sheria mimi naitaka, na nitaendelea kuipigia kelele. Ila siku ile wanaume walisema mila ni yao, na shangazi aliwaonyesha kwamba ni yake pia, kwa mikono yake, bila kumtukana mtu. Mimi miaka yote nilikuwa nimewaachia mila kana kwamba ni koti la babu, la wanaume tu. Yeye alilivaa likamkaa.

Hata hivyo hakusherehekea. Baba mdogo aliondoka kurudi Dar bila kumuaga, na simu zake hakupokea. Masale yakashika, yakatoa majani mapya. Nikipanda Marangu kumtembelea namkuta anayapalilia, lakini hana raha. Siku moja ananimenyea ndizi za mtori, akasema tu, "Sikupanda ili nimkose mdogo wangu." Nilijua akifa na ndugu yake hasemi naye, kile kipande kitakuwa kaburi la mgeni, mpaka au si mpaka.

Desemba ikafika, na magari ya Dar yakaanza kupanda. Baba mdogo akaja na familia yake. Akamsalimia dada yake kwa mbali, kama unavyomsalimia mtu mliyepanga naye nyumba. Hakusema lolote kuhusu ukuta, wala hakuna aliyemuuliza.

Siku ya Krismasi ukoo ulichinja ng'ombe. Kwetu nyama ya ukoo hugawiwa uani, kila nyumba yenye moto wake inatandikiwa jani lake la mgomba, inawekewa fungu lake, na inaitwa. Aliyegawa mwaka huo alikuwa baba mdogo. Miaka yote shangazi alikuwa akila kwenye fungu la bibi, na sasa bibi hayupo. Nilikaa naye jikoni. Alikuwa anakoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Tukasikia mafungu yanaitwa. Nyumba ya mzee wa ukoo. Nyumba ya mkubwa, yaani ya baba yangu, kaka yangu akaenda kuchukua. Nyumba ya mwinjilisti. Wakaendelea hivyo mpaka nikajua majani yamekwisha, nikaanza kutafuta la kumwambia. Kisha baba mdogo akatandika jani lingine.

"Nyumba ya dada," akaita.

Shangazi akaweka mwiko chini, akajifuta mikono kwenye kitenge, akatoka polepole. Mimi nilishaanza kulia mlangoni, sikujificha. Nilitegemea naye alie, au apige goti, au aseme asante. Akainama juu ya jani lake, akaigeuza nyama upande wa pili, akaigeuza tena.

"Yangu mbona mifupa mitupu?"

"Dada, ni sawa na ya wengine."

"Si sawa," shangazi akasema. "Ongeza."

Baba mdogo akachukua kisu, akakata kipande cha paja, akaongeza.