Aliyebonyeza Ni Nani

Kituoni walimwita Kipaza, maana sauti yake ilifika hata akiwa hana redio. Alizima moto miaka mingi hadi goti likamgomea, ndipo akapewa kazi ya kusimama chini ya jengo na kuwasiliana kwa redio na walio juu. Watu hudhani hiyo ni kazi ya kupumzikia. Sivyo. Anayesimama chini ndiye anayetakiwa kujua nani yuko wapi, na asipojua, hakuna mwingine wa kuulizwa.

Mdogo wa mke wake alikuwa zimamoto pia. Kwa kuwa Kipaza alimwita shemeji, kituo kizima kilimwita Shemeji, hata mkuu wa kikosi.

Kikosi kile kilikuwa na zoea moja nililolichukia tangu niliposimuliwa. Mtu aliyeitwa redioni mikono ikiwa na kazi hakujibu kwa sauti. Alibonyeza kitufe mara mbili, tk tk, basi. Hakuna aliyelianzisha kwa amri na hakuna aliyelikataza. Mambo mengi mabaya huingia kazini kwa mlango huo.

Mchana mmoja moto ulizuka kwenye jengo refu la ofisi. Shemeji na mwenzake walipanda kwa ngazi ya mbele hadi ghorofa ya kumi na moja. Kipaza alibaki ukumbini na mkuu wa kikosi, karibu na lifti zilizozimwa. Jengo lilikuwa na mtambo wa kukuza mawimbi ya redio, kwa sababu zege na nondo huyameza. Taa ya mtambo iliwaka kijani kibichi, na wenye jengo walikuwa wameridhika na taa. Mtambo wenyewe haukufanya kazi.

Punde walio nje wakaleta habari kwamba moshi unatoka ghorofa ya kumi, chini ya miguu ya wale wawili, upande wa ngazi ya mbele. Kipaza akainua redio.

"Shemeji, Shemeji, huku Kipaza. Moto umeshuka chini yenu. Msirudi kwa ngazi ya mbele. Tumieni ya nyuma, shukeni sasa."

Kimya. Kisha: tk tk.

"Haya, amesikia," mkuu wa kikosi akasema.

"Nani amesikia?"

"Ulimwita nani, babu yako? Si Shemeji?"

Mlio ule haukuwa na sauti ya mtu. Kipaza akabonyeza tena: "Aliyejibu aseme jina lake."

Tk tk.

Hapo kichwa chake kikavurugika kabisa. Kama ni Shemeji, mbona hasemi? Kama si yeye, ni nani, na anakubali nini? Ikiwa wale wawili hawakuipata amri, walikuwa wanakwenda kushuka moja kwa moja ndani ya moto.

"Napanda ngazi ya nyuma, nitafute mahali redio inaposhika," akasema. "Mkuu, kaa hapa na redio yako."

"Na goti hilo?"

"Litakuja nyuma yangu."

Alipanda akishika chuma cha ngazi, akiita kila ghorofa na kupata mikwaruzo tu. Karibu na ghorofa ya kumi na moja sauti ya Shemeji ikatokea, imekatikakatika.

"...tunarudi kwenye ngazi."

"Ngazi ipi?"

"Hiyo hiyo tuliyopandia."

"Iacheni. Huko kuna moto. Njooni ya nyuma."

"Ya nyuma ndiyo ipi, shemeji? Hatuoni kitu. Tumezungushwa na meza za watu humu mpaka sijui mbele wala nyuma."

Kipaza alitaka kusema kushoto, akajikuta hajui kushoto kwa nani. Yeye mwenyewe alikuwa amezunguka na ngazi kila ghorofa, na sasa hakujua hata barabara iko upande gani. Akasukuma mlango wa ghorofa ya kumi na moja, moshi ukamtokea usoni.

"Sikiliza. Nabonyeza na siachii. Redio yako ikianza kupiga yowe, mko karibu nami. Yowe likififia, mmepotea, geukeni. Umeelewa?"

"Sijaelewa, lakini sawa."

Kila zimamoto analichukia yowe lile, linalotoka redio mbili za chaneli moja zikikaribiana huku moja imebonyezwa. Kipaza akashika kitufe na kunyoosha redio ndani ya mlango. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha likaanza kwa mbali, likapanda, likafifia, akadhani amewapoteza. Hakuachia. Likapanda tena, kali hadi meno yakamuuma, na glavu ikamgusa mguuni. Nyuma ya glavu ile alikuwa Shemeji, na nyuma ya Shemeji, akimshikilia mkanda, mwenzake.

Wote watatu walishuka kwa ngazi ya nyuma. Baadaye, kituoni, mkuu wa kikosi alimkaripia Kipaza mbele ya wote.

"Umeziba chaneli. Kama kuna mwingine angekwama, angemwita nani?"

"Kweli," Kipaza akasema. "Lakini sikujua la kufanya. Mpaka sasa sijui."

Mimi namwona mkuu ana haki, na siwezi kumwona Kipaza na kosa. Nimelipima jambo hili mara nyingi na halijanikalia sawa.

Kisha Kipaza akauliza nani alibonyeza.

"Mimi, mara ya kwanza," Shemeji akasema. "Nilisikia jina langu tu, nikabonyeza kukwambia endelea. Baada ya hapo kimya."

"Aa, mara zote mbili zilikuwa zangu," dereva wa gari la maji akasema. "Pampu ilikuwa inanguruma, nikasikia sauti yako tu. Nikabonyeza."

"Kusema nini?"

"Kwamba nipo."

"Mimi nilidhani maana yake ni nimesikia na nimekubali," mkuu wa kikosi akasema polepole.

Mwenzake Shemeji akasema yeye hubonyeza akitaka mtu anyamaze.

Wakatazamana. Walikuwa wamepanda na kushuka majengo pamoja miaka yote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza mwenzake. Mkuu akaamuru kwamba kuanzia siku hiyo kila mtu ajibu kwa jina. Wote wakaitikia kwa pamoja, na Kipaza akaanza kuwauliza mmoja mmoja ameitikia nini.