Kamembe hadi Ruhwa kwa Gari la Kulala, Papa Akiongoza Njia

Papa aliendesha malori karibu maisha yake yote, kwanza akitokea Bukavu, Kongo, tulikokulia, halafu akitokea Kamembe baada ya sisi kurudi Rwanda. Kisha kisukari kikamla macho, jicho moja kwanza, la pili baadaye. Tangu hapo hakutoka nje ya ua wetu ila kwenda hospitali na kanisani. Madereva waliokuwa wakimpitia kumuuliza habari za njia waliacha kuja, maana siku hizi kila mtu ana ramani mfukoni. Siku moja nilimwambia twende Bugarama tukamsalimie Mzee Idi, konvoyeri wake wa zamani, yaani utingo aliyezunguka naye miaka mingi na sasa analima mpunga.

"Niende fanya nini?" akanijibu. "Muntu mwenye haone njia si shofere tena. Ni colis. Banaibeba, banaitula fasi banataka."

Shofere ni dereva, na colis ni kile kifurushi ambacho watu humkabidhi akipeleke kwa ndugu. Neno hilo liliniuma. Mimi ndiye Josée, binti yake kifungua mimba, ambaye kwa ajili yangu mtaa mzima humwita Papa Josée. Yeye ndiye aliyenifundisha usukani wakati wajomba zangu wanacheka. Nikaamua kumrudisha barabarani, na si kama kifurushi.

Gari nilikuwa nalo: basi dogo la zamani nililomwomba fundi aling'oe viti, ainue paa, aweke kitanda, meko ya gesi, tangi la maji na choo cha ndoo. Nilitaka kulikodisha kwa wageni wanaozunguka ziwa. Miguu ya Papa huvimba akikaa sana, kwa hiyo kitanda kile kilikuwa kama kimetengenezwa kwa ajili yake.

Mimi ni fundi wa simu pale Kamembe, na fundi wa simu haendi safari kwa kubahatisha. Nikapakua programu ya kupanga safari za magari ya kulala. Ikaniuliza kimo cha gari, uzito wake, maji kiasi gani, gesi kiasi gani. Ikauliza pia ningependa kumwaga maji machafu kituo gani, nikacheka peke yangu. Kwa mahali pa kulala, wilaya yetu nzima ya Rusizi ilinionyesha alama moja tu, nayo ilikuwa maegesho ya hoteli. Nikajaza yote kwa uaminifu, nikahifadhi ramani isiyohitaji mtandao, kwa sababu kando ya mto wetu wa mpakani simu hujikuta Kongo kabla mwenyewe hujavuka.

Papa alikubali kwa sharti moja.

"Simu yako ibakie ku nyumba. Miye njo nitaongoza. Njia ya Bugarama siulizake muntu."

Nikasema sawa. Kisha nikachomeka kisikilizio kimoja sikio la kushoto, upande asikokaa, nikailaza simu mapajani.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kamembe. Ukungu ulikuwa bado juu ya ziwa na mitumbwi ya sambaza, wale dagaa wetu wa ziwani, ilikuwa inarudi kisiwani Nkombo. Papa alikuwa amevaa kofia yake ya kazi, ile ya ngozi, ambayo sikujua kama bado anayo. Alikaa mbele kulia, mkono dirishani. Akaanza kuongoza kabla sijaingiza gia: "Shuka pole pole. Kisha kata ku kushoto. Kuko kisoko." Na kweli soko lilikuwepo. Furaha niliyokuwa nayo asubuhi ile siwezi kuieleza.

Mushaka tulisimama kununua parachichi. Mama muuzaji alichungulia ndani, akaona kitanda, akashika kifua.

"Maman, ni mugonjwa unapeleka?"

"Hapana, Maman. Ni gari ya kutembea nayo."

"Na kitanda?"

"Tunalalaka ndani."

"Nyumba muko nayo?" Nikasema tunayo. Akatuongezea parachichi mbili kwa huruma, naona hakuamini.

Baada ya Mushaka, barabara ikaanza kuteremka kuelekea Nzahaha. Hapo Papa alikuwa anahesabu kona kwa vidole juu ya goti. Kila kona kwake ina historia: hapa tuliangusha gunia la saruji, hapa Idi alitapika. Lakini barabara ilitengenezwa upya baada ya yeye kuacha kazi. Walikata vilima, wakanyoosha mahali palipopinda. Akasema, "Sasa inakuya virage kubwa, ile ya mikaratusi. Punguza." Mbele yangu kona haikuwepo, palikuwa na lami iliyonyooka, na mikaratusi hakuna hata mmoja. Kidole chake kikabaki hewani.

"Tuliipita?" akauliza.

"Ndiyo, Papa. Tumeipita."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwangu haikufika hata tambarare. Niliendelea kuitikia "ndiyo" kwa kona zisizokuwepo, huku yule mwanamke wa kwenye simu akininong'oneza kona zilizopo kwa Kiswahili chake cha pwani. Joto la Bugarama lilikuwa limeshaanza kuingia dirishani Papa alipouliza, kwa sauti ya chini kabisa:

"Josée, ni nani anakuambia?"

"Kuniambia nini, Papa?"

"Unapunguza mwendo mbele ya miye kusema. Kila virage. Masikio yangu iko muzima, ninasikia moteri. Ni nani anakuambia?"

Nikachomoa waya, na sauti ya yule mwanamke ikajaa garini: baada ya mita mia nne, endelea moja kwa moja. Papa alivua kofia, akaiweka magotini, akageuzia uso dirishani. Nimewahi kumwona Papa amekasirika mara nyingi, na hasira yake siiogopi. Safari hii hakukasirika. Aliondoka tu, akiwa pale pale kwenye kiti.

Saa nne kasorobo, tambarare ya Bugarama. Kwa Mzee Idi sikuwa nimewahi kufika; nilikuwa na jina la kijiji tu. Tulipofika njia panda nilimuuliza Papa tukate wapi.

"Uliza uyu mwenye anajua," akasema.

Nikamuuliza mwenye kujua. Akanielekeza kulia, njia ya udongo katikati ya mashamba ya mpunga, nami nikapinda bila wasiwasi, kwa kuwa nilikuwa nimejaza kimo na uzito hadi kilo ya mwisho. Njia ikawa nyembamba. Kisha ikawa tuta la udongo, mfereji kushoto, mfereji kulia. Mwisho wa tuta palikuwa na daraja la mbao nne, na akina mama watatu wakisukuma baiskeli zenye magunia ya mpunga.

"Maman, haipite!" mmoja akapaza sauti. "Baiskeli tu njo inapita!"

Kwenye simu daraja lile lilikuwa mstari mweupe sawa na barabara nyingine zote. Kugeuza gari hapakuwa na nafasi. Ilibidi nirudi kinyumenyume tuta zima, na dirisha la nyuma nilikuwa nimeliziba mwenyewe kwa kabati la sufuria. Kamera ya nyuma ilionyesha vumbi.

Waliokuwa shambani wakaja wote, na kwetu mnajua: gari likikwama, kila mtu ni dereva. "Kushoto!" "Apana, kulia!" "Vunja usukani!" "Simama!" Nilirudi labda mita tano, gurudumu la nyuma likateleza, gari likainama upande wa mfereji. Sufuria zikaanguka zote. Nikakanyaga breki. Gari lile ndilo akiba yangu yote, na ndani yake nilikuwa nimemketisha baba yangu.

Mlango wa kulia ukafunguka.

"Nyamazeni bote!" Papa alikuwa ameshashuka, kofia kichwani. Wakanyamaza.

"Papa, utaanguka mu maji!"

"Nikianguka nitalowana. Gari ikianguka, imeisha. Kaa ku usukani, muguu ku freni, na usifungule mudomo."

Akapapasa ubavu wa gari hadi nyuma. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona akivua viatu. Akaweka kiganja cha kushoto kwenye kona ya gari, mguu wa kulia ukatafuta ukingo wa tuta, pale nyasi zinapoishia na maji yanapoanzia. Kisha akapiga bodi kwa kiganja. Pa.

Kila aliyekulia kwa dereva anaijua lugha hiyo. Konvoyeri hapigi kelele, kwa kuwa moteri ya lori hula sauti. Anapiga bodi. Moja, njoo. Mbili, simama. Kupapasa upande, vunja usukani, yaani ukate wote, kuelekea huko. Papa hakuwa konvoyeri kamwe katika maisha yake, lakini aliisikiliza mikono ya Idi kutoka ndani ya kabini miaka yote ile.

Pa. Nikarudi. Pa. Nikarudi. Pa-pa. Nikasimama, kwenye kioo nikaona mguu wake umezama hadi kifundoni, akautoa, akapapasa upande wa kushoto. Nikavunja usukani kushoto. Pa. Simu ilikuwa bado inaniambia nigeuke inapowezekana, nikaizima. Sikuwa naona nyuma, naye hakuwa anaona popote, na gari lilikuwa linakwenda limenyooka. Akina mama wa baiskeli walifuata mbele yetu kimya kama wako kwenye msafara wa sakramenti.

Tulipokaribia njia panda, mzee mmoja mwenye kanzu na kofia ya mviringo alitokea nyuma ya migomba akikimbia, kiatu kimoja mguuni.

"Ni nani anapiga gari vile?" akapaza sauti. "Ule mukono ni wangu!"

"Ni wako, Idi," Papa akajibu bila kuacha kupiga. "Niliuiba. Sasa ongea pole pole, ninatumika."

Mzee Idi akasimama, akamwangalia rafiki yake yuko peku, suruali imeloa matope, macho yametazama kando. Akasogea upande wa pili wa gari, akaweka kiganja chake kwenye kona nyingine, wakanitoa wote wawili.

Jioni, kwa Mzee Idi. Tulikula wali wa shamba lake na sambaza za kukaanga, gari limeegeshwa uani na batoto, kama wanavyosema wenyewe, wanapanda na kushuka kitandani. Nilimwomba Papa msamaha mbele ya mwenyeji wetu. Alitafuna kwanza.

"Ulinidanganya juu unanipenda, ile ninajua," akasema. "Lakini shofere banamuambiaka ukweli. Pneu ya gari ikitoboka, Idi hakuniambiaka 'iko sawa, Papa Josée'. Alisema imetoboka."

"Nilisema kwa kupiga makelele," Mzee Idi akathibitisha.

Nikamuuliza kama naweza kuweka alama ya ua wake kwenye ile programu, wageni wenye magari kama langu wapate pa kulala. Akafikiri. "Bakuye. Lakini bapige simu mbele, nipate kupika." Nikaandika hivyo hivyo, na kuhusu daraja la mbao nne nikaandika pia, kwa herufi kubwa.

Asubuhi iliyofuata, Ruhwa. Malori yalikuwa yamejipanga kuvuka kwenda Burundi, na simu yangu ikapokea ujumbe wa kutukaribisha huko tukiwa bado tunakunywa chai upande huu. Papa alishuka, akapita kando ya malori akigusa matairi kwa mkono, akikadiria mzigo. Alikosea mara mbili na madereva wakamcheka, naye akacheka nao. Kisha akasema turudi, na kwamba simu iseme kwa sauti.

Barabara ya kurudi tuliipanda watatu. Mwanamke wa pwani alitaja mita, mimi nikataja ninachokiona, naye Papa alihesabu upya. "Hapa walikata mulima, Papa. Mikaratusi hakuna." "Baliikata lini?" "Sijui. Sasa kuna nyumba za mabati mekundu." Vidole vyake vikaanza moja tena juu ya goti. Mahali simu ilipochelewa kutaja kona, alimkaripia yule mama kwa heshima zote: "Maman, amka." Nilikuwa nimedhani Papa anahitaji mtu wa kumficha kwamba njia imebadilika. Kumbe alihitaji mtu wa kumwambia.

Saa nane mchana, Kamembe. Mbele ya lango letu simu ikatangaza kwamba tumefika mwisho wa safari.

"Bado," Papa akaiambia. "Josée, pita. Shuka ku frontière."

Rusizi ya Kwanza, mpaka wetu na Bukavu, alikuwa hajakanyaga tangu macho yafungike. Nikaegesha nilipopata nafasi. Wabebaji walikuwa wanapita na mizigo mgongoni kuelekea darajani, wafanyabiashara wanabishana kwa lugha tatu, na Papa akashuka katikati ya kelele zile na kofia yake ya ngozi. Mama mmoja muuza nyanya akaacha beseni lake chini.

"Papa Josée! Bee, tulisikia ulikufa! Ni nani alikuleta huku?"

Nilikuwa bado kwenye usukani, dirisha liko wazi. Mnajua wenyewe kwamba kwa dereva wa zamani hakuna tusi linalozidi kuitwa konvoyeri. Watu wameshikana mashati kwa ajili ya neno hilo.

"Hakuna muntu aliyenileta," Papa akasema, kwa sauti ya kufika hadi ng'ambo. "Uyu mutoto wangu ni shofere. Miye niko konvoyeri yake."