Soksi Nyeupe za Fundi Cherehani

Miaka ishirini na mitano fundi alishona akiwa peku. Cherehani ya miguu, alisema, huendeshwa kwa nyayo, si kwa viatu. Hata sukari ilipompanda na vidole vikaanza kufa ganzi, hakuvaa kitu. Muuguzi wa kliniki alimsema mpaka akachoka.

Ndipo wifi yake, dada wa marehemu mumewe, akamletea soksi nyeupe pe, kwenye boksi lenye picha ya mguu unaowaka kama jiko.

"Wifi, hizi si soksi za hivi hivi. Wanasema uzi wake unachukua joto la mwili na kulirudisha miguuni kwa miale isiyoonekana. Damu inatembea!"

Fundi alizigeuza nje ndani, akatafuta mshono asiuone, akatafuta betri. "Miale isiyoonekana, wao wameionaje?"

"Vaa bwana, acha ubishi."

Alizivaa ili wifi aondoke. Wiki nzima wateja waliacha kuulizia nguo zao, wakauliza anachezea timu gani. Akawajibu kuwa yeye ni golikipa. Miguu ilipata joto, ndiyo, lakini hakuwa tayari kumpa wifi ushindi kirahisi hivyo.

Alhamisi, akiwa anamalizia suruali ya mwalimu mkuu, mwalimu mwenyewe alipiga kelele: "Fundi, unatoka damu!"

Kwenye unyayo wa soksi ya kushoto palikuwa na doa jekundu, kubwa kama kifungo cha koti. Pini ilikuwa imezama mle, na yeye hakusikia hata kidogo. Alikaa juu ya furushi la vitambaa. Tangu aambiwe ana kisukari, hiyo ndiyo siku aliyoogopa kweli.

Kule kliniki muuguzi aliichomoa pini, akasafisha kidonda. "Bahati yako soksi nyeupe imeionyesha damu mapema. Ungekuwa peku, ungeikanyaga siku ngapi bila kujua?"

"Si nilisema damu itatembea?" akadakia wifi, aliyekuwa amemsindikiza.

Muuguzi alicheka. Habari za miale, alisema, yeye hazijui. Anachojua ni dawa kila siku, viatu mguuni, na nyayo zikaguliwe kila jioni.

Sasa, kuukagua unyayo wako mwenyewe ukiwa na kitambi ni kazi. Kwa hiyo wifi hupita saa kumi na mbili, akavaa miwani, na fundi akamnyooshea mguu kama malkia.

"Wifi, kucha hizi utachana vitambaa vya watu."

"Wewe kagua, maoni sijakuomba."