Mfuko Namba Kumi na Saba

Niseme mwenyewe kabla mama hajanisemea: udongo wa mfuko namba kumi na saba niliuchota nyumbani kwetu, kisha nikaandika kwa mwandiko wangu mbaya kwamba nimeutoa ukingoni mwa mfereji chini ya ghala. Nilikuwa darasa la tano, huku Machame, msimu ambao mvua za vuli zilichelewa na kijiji kikanuka majani makavu ya migomba na lile ghala la zamani la dawa za kahawa. Harufu ya ghala ilikaa kooni kama umelamba sarafu. Watu wa chuo kikuu walikuja baada ya wazee kuandika barua mpaka wakachoka. Mapipa yaliyokuwa yakivuja waliyaondoa wao wenyewe, wamejifunika nyuso kama wezi wa asali, na kazi iliyobaki ilikuwa kujua sumu imefika wapi. Wakapiga vigingi kuanzia ghalani mpaka bondeni, wakavipa namba, wakaja shuleni na mifuko ya khaki na glavu. Kila mtoto wa darasa la tano alipewa kigingi chake. Glavu yangu moja niliipuliza nikatengeneza kiwele cha ng'ombe, nikakikamua mbele ya darasa, nikachapwa. Kigingi changu kilikuwa chini ya kiota cha nyigu. Wa kwanza aliniuma sikio kabla sijainama. Nikajiambia, udongo si ni udongo tu?

Mkuu wa watafiti alikuwa mama mmoja mwembamba mwenye mabuti makubwa, tuliyemwita Dokta Rehema. Kwa vile aliitwa dokta, bibi yangu alimfuata siku ya kwanza, akampa nafasi ya kusema shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akapandisha kanga na kumwonyesha goti. Dokta Rehema alieleza kwa upole kwamba yeye ni daktari wa udongo. Bibi akamtazama kwa huruma. "Udongo nao unaumwa, mwanangu?" Dokta akajibu, "Unaumwa, bibi, tena hausemi." Bibi akarudi nyumbani akitangaza kwamba serikali imeanza kutibu ardhi na kuacha magoti.

Nyumbani kwetu wakati huo hakukuwa na wa kucheka sana. Mama alikuwa na kondoo watatu aliowafunga zizini kwa ajili ya sherehe ya kipaimara cha dada Anande. Siku moja jirani yetu, Mama Kundaeli, alichungulia zizini akasema, "Hao wamenona jamani, mpaka nawaonea wivu!" Wiki haikuisha, mmoja akanuna, macho yakawa ya njano, akakojoa mkojo mwekundu kama chai ya rangi, akafa. Wa pili akafuata njia hiyohiyo. Mama akaacha kumsalimu Mama Kundaeli. Wanawake wale walikuwa wakishuka pamoja sokoni Kwa Sadala tangu sijazaliwa, kila mmoja na mkungu wake kichwani, wakisengenya njia nzima. Sasa mmoja alitangulia na mwingine akafuata nyuma hatua mia, kama wanagombea barabara. Akabaki kondoo mmoja, na mama akatundika kitambaa mlangoni mwa zizi ili jicho baya lisimfikie.

Majibu yalisomwa Jumamosi moja kwenye ukumbi wa kanisa. Dokta Rehema alisimama na karatasi zake, akasema ardhi karibu na ghala ina madhara kiasi, inatibika, na maji ya mfereji ni salama. Watu wakapiga makofi. "Ila," akasema, "kuna mfuko mmoja umetushangaza. Namba kumi na saba. Una shaba nyingi kuliko yote. Tumeupima mara tatu tukidhani mashine imeharibika." Mwenyekiti wa kijiji alisimama palepale akaamuru msaragambo Jumatatu asubuhi: kila nyumba itoe mtu na jembe, ukingo wote uchimbwe, mfereji uhamishwe. Asiyekuja atatoa debe la mbege, pombe yetu ya ndizi. Mama, aliyekaa mstari wa mbele, alipiga makofi kuliko wote. Mimi nilikuwa nyuma, natafuta mlango kwa macho. Maana mfuko ule ulijazwa pale kwenye kona ya kihamba chetu, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, ambapo babu, enzi kahawa ikiwa kahawa, alikuwa na pipa la kuchanganyia mrututu, ile dawa ya shaba, na chokaa kabla ya kupulizia mibuni. Miaka na miaka, kilichomwagika kilimwagika. Bei ilipoporomoka, wanunuzi binafsi wakaja na mizani zao na maneno matamu, mama akang'oa mibuni ya kona ile akaotesha majani ya kondoo. Aliyang'oa na mizizi yake na udongo wake, akawapelekea zizini. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Chetu kilikuwa kwenye hori.

Jumapili yote nilitafuta ujasiri sikuuona. Nilijaribu kumtuliza Mungu kwa kuimba kwa sauti kanisani, mwalimu wa kwaya akaniomba nipunguze. Tuliporudi, nikamkuta yule kondoo wa mwisho amesimama ameinamisha kichwa, hataki kula, na weupe wa jicho umeanza kuiva kama ndizi. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu naye, anamkuna shingo. Hapo ndipo niliona kwamba nikinyamaza, kijiji kitahamisha mfereji ulio mzima na mama ataendelea kulisha sumu kwa mikono yake, akimchukia mtu asiye na kosa. Nikabeba majani yote ya kwenye hori nikayatupa chooni. Mama alipouliza, nikasema yalikuwa na siafu. Uongo wa pili kufunika wa kwanza.

Jumatatu pembe ililia. Watu walishuka na majembe, Dokta Rehema na chuma chake cha kutobolea ardhi, wakajipanga ukingoni, na mwenyekiti akainua mkono ili waanze kwa pamoja. "Msichimbe!" Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba kama ya mbuzi, lakini ilikuwa yangu. Majembe yakabaki hewani. Nikasema yote: nyigu, kona ya babu, mwandiko, kondoo. Mzee mmoja akasema, "Huyu mtoto wa nani?" kana kwamba hakunibatiza yeye. Mwenyekiti akatafuta fimbo. Mama alishika kichwa kwa mikono miwili: "Yeleuwi! Godlisten! Jina nimekupa la kusikia, masikio umeyaacha wapi?"

Dokta Rehema ndiye aliyeniokoa, bila hata kunitazama kwa huruma. Aliniuliza swali moja tu: "Ulichota kina gani?" Nikamwonyesha kwa kiganja. Akapandisha kwa mabuti yake hadi kwetu, kijiji kizima nyuma yake na majembe begani, akazungusha chuma chake ardhini, akatoa udongo wenye vipande vya rangi ya kijani-buluu kama shanga zilizovunjika. Akaunusa, akatazama zizi, akatazama hori. Kisha akawageukia watu. "Tulifuata ghala kwa sababu ghala ndilo linalonuka. Nani mwingine babu yake alikuwa na pipa la mrututu nyumbani?" Ukaenda juu mkono mmoja, wa mzee aliyeuliza mimi ni mtoto wa nani. Kisha mwingine. Kisha ikawa kama shule, mikono kila mahali, na katikati yao mkono wa Mama Kundaeli. "Mimi pale kwangu nimeotesha mnafu," alisema, "na ndio tunaokula."

Ile wiki sitaisahau mpaka nizeeke. Msaragambo uliopangwa kuhamisha mfereji ulihama wenyewe: kila siku kihamba kimoja. Wazee walionyesha palipokuwa na mapipa, sisi darasa la tano tulipiga vigingi na kujaza mifuko, safari hii kwa uaminifu wa kutisha, wanaume walichimba, na lori la chuo lilibeba udongo mbaya kwenda kuzikwa kwenye shimo lililotandikwa nailoni nene. Mashimo tuliyafukia kwa samadi na chokaa. Bwana mifugo alimpa kondoo wetu dawa, akala, akalia, na siku aliponipiga pembe la paja nilifurahi kama nimepewa zawadi. Mbege iliyonywewa wiki ile haikuwa ya faini.

Sasa niko kidato cha tatu, na mwalimu wa kemia akitushikisha chupa ya mrututu mimi huwa nafanya mzaha kwamba ni ndugu yetu wa ukoo. Kona ile ina migomba mirefu, watu wa chuo huja kila mwaka kuipima, na wanafunzi wao wakubwa kuliko mimi huniuliza maswali na kuandika ninachojibu, jambo ambalo hakuna mwalimu wangu aliyewahi kulithubutu. Wakati ule niliamini kazi ya elimu ni kuwachosha watoto. Siku hizi nasoma usiku bila kuchapwa, na natamani mabuti kama yale. Lakini nikikumbuka ushindi wetu, sikumbuki lori wala hotuba ya mwenyekiti. Namkumbuka mama jioni ya Jumatatu ile niliyosema ukweli, akikata jani la isale mpakani, lile ambalo kwetu ukipelekewa huwezi kukataa kusamehe, akalifunga fundo na kuvuka nalo kwenda kwa Mama Kundaeli. Alikaa huko muda mrefu. Mwishowe tukasikia vicheko vya wanawake wawili. Aliporudi, macho mekundu, alinikuta nimekaa jikoni nikisubiri kiboko, akanipakulia machalari ya ndizi, akaweka sahani mbele yangu, akasema: "Mimi ujinga wangu nimeshaupeleka kwa mwenyewe na umepokelewa. Huo wako, kula kwanza, tutauzungumza ukishiba."