Gari la Maji na Ambulansi Isiyo na Mazuti

Mwaka huu walituita sisi walimu wa zamani wa kemia kwenye ukumbi mmoja hapa Kindu, mkoani Maniema, kumsikiliza mgeni kutoka Kinshasa. Alikuja kutueleza habari za magari yanayotumia haidrojeni. Nilikwenda kwa hamu. Gesi hiyo nimeifundisha miaka mingi: zinki ndani ya asidi, mapovu yanapanda, unasogeza kiberiti, inalia pa! na darasa zima linacheka. Niliipenda. Hasira niliyotoka nayo haikuwa ya mtu asiyejua.

Mgeni alikuwa na picha nzuri. Gari linateleza kwenye lami, nyuma halitoi moshi, linatoa maji tu.

"Maniema itaruka hatua ya petroli," alisema, "itaingia moja kwa moja kwenye haidrojeni."

Ilibidi apaze sauti, maana jenereta iliyowasha mashine yake ya picha ilikuwa inanguruma chini ya dirisha. Watu wakapiga makofi. Mimi mikono ilibaki mapajani. Nilikuwa nimemkumbuka yaya, dada yangu mkubwa.

Ilikuwa wakati wa vita. Treni haikufika tena, mashua hazikufika, na kila kilichotoka nje kiliingia kwa ndege. Yaya alikuwa na mimba yake ya kwanza, nyumbani kwake mtaa wa Mikelenge. Uchungu ulimshika asubuhi. Kufikia mchana mkunga akaniambia mtoto amekaa vibaya, mama lazima apasuliwe. Nikakimbia hospitalini kuomba ambulansi. Dereva alinionyesha gari, zima kabisa, limeoshwa.

"Gari iko," alisema. "Mazuti njo hakuna."

"Hata mafuta kidogo?"

"Mama, hata ya kulowesha kitambaa."

Tukiwa bado tunasema, ndege ilipita juu yetu ikipanda, imebeba mawe ya bati kutoka migodi ya Kalima. Ile ilikuwa na mafuta. Waliokuja kuchukua madini yetu hawakukosa mafuta hata siku moja.

Tulimkalisha yaya nyuma ya baiskeli, shemeji akiisukuma, mimi nikimshika mgongo asianguke. Kila shimo alilia, na mashimo yalikuwa mengi. Tulifika. Daktari alimwokoa yeye. Mtoto, wa kike, alikuwa amekwisha kufa. Yaya hakushika mimba tena.

Basi nikasimama pale ukumbini.

"Bwana, hiyo haidrojeni utaitoa wapi?"

"Kwenye maji, mama. Si mto Lualaba ule pale!"

Wakacheka.

"Maji yapo," nikasema. "Lakini haidrojeni haitoki kwenye maji kwa kuombwa. Inatolewa kwa umeme, tena mwingi. Kisha uishindilie kwenye mitungi, uilinde isivuje, maana ni nyepesi kuliko gesi zote. Kila hatua inakula umeme, na mwishowe gari linapata kipande tu cha ule ulioanza nao. Sisi hapa hata wa taa unatushinda. Tukiupata, si uende kwanza kwenye chumba cha upasuaji?"

"Mama, tusivunje vijana moyo. Tunaongea habari ya kesho."

Kesho! Nilihisi kichwa kinawaka. "Mimi naongea habari ya wanawake wanaojifungua leo," nikamwambia. "Mpaka leo hapa mjini, jamaa wa mgonjwa ndio wanaohangaika kutafuta mafuta ya kumbeba."

Mwenyekiti wa mkutano akanishukuru kwa mchango wangu, akatangaza soda.

Haidrojeni siichukii. Huenda mahali penye umeme wa kumwaga itasukuma malori, na iwe heri kwao. Ninachochukia ni kuletewa ndoto ya watu wengine ili tusahau kudai haki yetu, na kuambiwa tupige makofi.

Niliporudi, yaya alikuwa uani anatwanga sombe, majani ya muhogo. Tunaishi pamoja siku hizi, wajane wawili. Akauliza walisema nini, nikamweleza yote, hata soda.

"Na habari yangu uliwaambia?"

"Hapana. Niliogopa nitalia mbele yao."

Aliuegemeza mchi kwenye kinu.

"Wakiita tena, twende wote," akasema. "Nitawaambia mwenyewe. Mimi silii tena."

Akaushika mchi, akatwanga kwa nguvu hivi kwamba jirani akachungulia juu ya ua kuuliza kuna nini.