Fedha Alizonifunga Bibi

Mwezi uliopita nilishuka soko la ufukweni, Katonga, kununua dagaa. Nilipotoa noti ya elfu kumi, mama muuzaji aliitazama kama nimemletea matatizo. "Chenji naitoa wapi, mwanangu? Nirushie kwenye simu." Nikamrushia. Nikabaki nimesimama na noti yangu mkononi, nikimkumbuka bibi.

Ngoja nikuambie kwa nini.

Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa mchuuzi wa dagaa. Tuliishi naye mtaa wa Rusimbi, katika nyumba iliyonuka mawese mwaka mzima. Likizo za shule nilifuatana naye ziwani hadi kijiji cha Kagunga kununua dagaa, kwa boti ya mbao yenye injini, kina mama wameketi juu ya magunia matupu, wakigawana mihogo ya kuchoma na kutaniana mpaka boti itikisike. Kila mmoja alibeba mtaji wake mwilini. Noti za bibi zilinuka samaki, nami niliipenda harufu hiyo. Kwangu ilikuwa harufu ya sare mpya.

Nilikuwa na miaka kumi alipoamua kunifunga mimi zile fedha, kwa kipande cha khanga, chini ya gauni. "Majambazi hawamkagui mtoto," alisema. "Ukiulizwa, hujui kitu."

Jua lilikuwa limeshapanda tulipouona mtumbwi ukitujia. Wanaume wanne, mmoja ana bunduki, wengine mapanga. Nahodha wetu alijaribu kugeuza, wakampiga risasi ya paja. Damu yake ilichanganyika na maji yaliyotuama ndani ya boti, ikanifikia miguuni, ya moto. Kisha wakaanza kuwapekua kina mama mmoja mmoja, wakiwachania vitenge. Aliyechelewa kufungua alipigwa ubapa wa panga usoni.

Kwa bibi hawakukuta kitu.

"Pesa iko wapi, we kizee?"

"Sina. Nakwenda msibani."

Yule mwenye bunduki akampiga nayo sikioni, kwa kitako. Akamuuliza tena, akampiga tena. Bibi alianguka juu ya magunia, akanitazama kwa jicho moja, na jicho lile lilinikataza. Mkono wangu ulikuwa tumboni, juu ya fundo. Ningelifungua, wangemwacha. Nilijua hivyo, na nikanyamaza. Wakamkanyaga vidole vya mkono mpaka wakachoka wenyewe, wakang'oa injini yetu na kuondoka nayo.

Wavuvi walituvuta hadi ufukweni. Nahodha alipona, ila hakurudi tena majini. Sikio la kushoto la bibi halikusikia tena, na vidole viwili havikukunjuka.

"Umemfanya mwanangu sanduku!" mama alimfokea huku akimkanda.

"Zingekwenda zile, angesoma kwa pesa zipi?" bibi akamjibu. Hawakusemezana wiki nzima. Lakini shuleni nilirudi.

Miaka baadaye, pesa za simu zilipofika, bibi alikuwa wa kwanza mtaani kwetu kusajili laini. Meseji nilimsomea mimi. Wauzaji walipoanza kupokea kwa simu, hakushika tena noti, hata kwa chumvi. Majirani walimcheka, naye akawaacha wacheke. Najua siku hizi wapo wanaopigwa mpaka wataje namba ya siri. Ukatili haujahama ziwani. Ila ule wa kuchaniwa nguo mchana kweupe mbele ya wajukuu, sijausikia kwa muda mrefu. Na zile safari za utani juu ya magunia nazo zimepungua. Siku hizi mama wa Rusimbi hutuma hela Kagunga akiwa jikoni kwake, na dagaa humfuata.

Bibi alipokuwa kitandani, siku zake za mwisho, nilimsogelea upande wa sikio zima. Nikamwambia, "Bibi, nisamehe. Siku ile nilinyamaza."

Akanishika mkono kwa vile vidole visivyokunjuka.

"Miaka yote hii," akasema, "mimi nilikuwa natafuta namna ya kukuomba msamaha wewe."

Tukalia wote wawili. Mama akaja mlangoni kuuliza kuna nini, tukamwambia hakuna kitu.