Shimo la Imakulata

Imakulata alishuka kwenye treni na masanduku mawili na zulia lililoviringishwa, refu kama mtu. Nilikwenda kumpokea stesheni. Akapiga magoti, "Shikamoo shemeji," kisha akalia. Nikamwacha alie. Dada yake Benigna, mke wangu, tulikuwa tumeshamzika, na yeye hakuwahi.

Alipomaliza akanitazama toka kofia hadi viatu.

"Umekonda, mume wangu."

Kwetu hilo ni la kawaida. Shemeji hutania. Alikuwa akilisema hilo hilo kwenye simu kutoka Maskati, na Benigna alikuwa anacheka mpaka anakaa chini. Siku ile hakukuwa na wa kucheka. Nikabeba sanduku moja, nikaanza kujiuliza zulia ni la nini.

Nimweleze kidogo. Ni kitinda mimba wa kwao, Isikizya. Baba yao alilima tumbaku, na kaka yao Hilari analima mpaka leo. Imakulata aliolewa, mume akamwacha, mtoto hakupata. Akaenda Dar es Salaam kupika chakula cha kuuza. Kutoka huko akachukuliwa kwenda Maskati, kazi za ndani. Alikaa huko miaka mingi. Alimhudumia bibi kizee mmoja aliyejua Kiswahili, kwa sababu babu yake aliishi huku Unyanyembe enzi za misafara. Siku ya kwanza bibi alimuuliza, "Asali ya kwenu bado nyeusi?" Imakulata akamjibu, "Bado, bibi." Wakapatana mpaka bibi alipokufa.

"Wazee wetu walikwenda pwani kwa miguu, pembe begani," aliniambia ndani ya bajaji. "Mimi nimerudi nimelala."

"Wao waliporudi walileta nini?"

"Kaniki na shanga."

"Na wewe?"

"Utaona."

Neno hilo sikulipenda.

Nilidhani atakaa siku chache, aende kaburini, kisha aende kwa kaka yake. Akafungua masanduku. Asubuhi yake nilikuta viti vyangu vyote viko uani na zulia limetandikwa sebuleni. Akasema huko watu hukaa chini, miguu wanaikunja, na sinia moja linawatosha wote.

"Na mtu mwenye magoti mabovu?"

"Anaegemea mto."

Nikachukua kiti kimoja, nikakaa uani. Nilikaa hapo mwezi mzima.

Akapanda ngazi akatoboa tundu juu ya ukuta wa jiko la Benigna, upande unakotoka upepo. Akasema nyumba za huko zinapumulia juu. Nikamwambia huu ni mtaa wa Ng'ambo, nyumba zinapumulia mlangoni. Akashuka ngazi, akawasha moto. Moshi ukaanza kutokea huko juu. Nikauangalia kwa siku kadhaa nione unaharibu nini.

Akanipikia kahawa yenye iliki, kwenye kikombe kidogo kama kifuniko cha chupa. Nikanywa kwa heshima. Nikaweka kikombe chini, akajaza. Nikanywa, akajaza. Nikasema moyoni, huyu ananinywesha kwa nguvu, ana lake. Kumbe huko ukitosheka unakitikisa kikombe, usipokitikisa unaendelea kumiminiwa. Hilo aliniambia kesho yake. Usiku nilikuwa sijalala.

Wakati wa kahawa alikuwa anasimulia. Kwamba bibi alimpeleka milimani ambako baridi inauma, na watu wa huko wanachemsha mawaridi ndani ya mitungi, wanakinga maji yake tone kwa tone.

"Maua wanayachemsha ili wayafanyeje?"

"Wanatia kwenye haluwa. Wanajipaka."

"Na ng'ombe wao wanakula nini?"

Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni ndimu. Benigna alikuwa na kichanja uani, cha fito, ambapo alianika matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa. Tangu afe, nilikuwa nakula hayo hayo matobolwa yaliyobaki kwenye gunia lake, nayachemsha mwenyewe. Chakula cha mkono mwingine sikukitaka. Sasa Imakulata akachemsha ndimu katika maji ya chumvi, akazipanga juu ya kichanja kile. Zikakauka zikawa nyeusi, ngumu, nyepesi. Ukizitikisa kitu kinalia ndani.

Jirani yangu Jeska alizichungulia juu ya ua.

"Baba Advera, hizo ni nini?"

"Anasema ndimu."

"Ndimu gani hizo kama macho ya mbuzi aliyekufa?"

"Sijui, mama."

"Hujui na unalala humo humo? Haya. Ukirogwa utatuita."

Jeska ndiye aliyeleta na lile jingine. Zamani kwetu mke akifa, na ukweni wakawa wanakupenda, wanakuletea mdogo wake akae pale dada alipokaa. Unaweza kukataa, lakini umewatukana. Jeska akasema watu wameshaona. Mwanamke hatoki Maskati akampita kaka yake, moja kwa moja mpaka kwa mgane, akatoboa ukuta, akatandika zulia, bila shabaha. Nikakumbuka lile "mume wangu". Nikakumbuka na "utaona".

Wiki hiyo hiyo Hilari akapiga simu.

"Shemeji, Jumapili baada ya misa tunakuja na baba mdogo Raymundi. Tuna neno."

"Neno gani?"

"La simuni siyo."

Nikaelewa. Nikikubali, mahali pa Benigna pamekaliwa na mwingine. Nikikataa, nimewafukuza ukweni wangu wote pamoja na yeye. Nikamwambia Imakulata kaka yake anakuja. Akafurahi sana. Hiyo furaha ndiyo ikanimaliza. Nikasema, wamepanga.

Jumamosi nilirudi kutoka sokoni nikamkuta uani na jembe langu, amechimba shimo.

Mimi nimechimba visima tangu ujana. Shimo najua kulisoma. Hili halikuwa la kisima, lilikuwa fupi. Halikuwa la choo, lilikuwa karibu na jiko. Halikuwa la taka, kingo zake zilikuwa zimenyooshwa vizuri. Upana wake ulikuwa kama wa mtoto mdogo. Katika nyumba yenye msiba mtu hachimbi hivi hivi. Hata mche hatupandi.

Chini kulikuwa na makaa mekundu. Pembeni kulikuwa na kapu la ukindu, na ndani ya kapu kifurushi kimefungwa majani ya mgomba, kimekazwa kwa kamba. Akakiteremsha, akafunika kwa bati, akafukia udongo, akaukanyaga kwa miguu.

"Hicho nini?"

"Nyama, shemeji. Ya wageni."

"Nyama inapikwa juu ya moto. Haizikwi chini."

"Huko kwenye sikukuu inazikwa. Inaitwa shuwa. Kesho utaona."

Utaona tena! Na mbuzi sikumwona akichinjwa. Alisema amenunua paja buchani. Mtu anaweza kusema chochote kuhusu kitu kilichofungwa kwenye majani. Nimesikia habari za watu wanaofukia dawa uani ili mwenye nyumba asiwe na kauli. Kesho wageni wanakuja na neno, leo kitu kimefukiwa. Mtu mzima unajumlisha.

Jumapili sikwenda misa. Nilichukua kiti changu, nikakiweka juu ya shimo, nikakaa. Nilimtuma Jeska amwambie Katekista Mathias aje akitoka kanisani, na maji ya baraka. Nilitaka kifukuliwe mbele ya mashahidi.

Imakulata akatoka amevaa kwa ajili ya kanisa. Akaniona.

"Shemeji, huendi?"

"Siendi."

"Unakaa hapo?"

"Nakaa hapa."

"Basi usije ukaiva," akasema, akaondoka.

Ni kweli nilianza kusikia joto kwenye nyayo. Likapanda mpaka kwenye miguu ya kiti. Nikakaza.

Walifika wote kwa pamoja. Mathias na chupa yake. Jeska na wanawake wawili wa jumuiya, ambao sikuwaita. Hilari ndani ya koti, na baba mdogo Raymundi na fimbo yake.

"Shikamoo shemeji," akasema Hilari. "Mbona juani?"

"Nalinda."

"Unalinda nini?"

"Muulize dada yako."

Imakulata alikuja na jembe na sinia kubwa. "Naomba kiti kisogee."

"Hakisogei mpaka katekista asali."

Mathias akakuna kidevu. "Mzee, nisali sala gani? Ya kufukuza au ya chakula?"

"Tufukue kwanza," akasema Jeska. "Kisha utajua."

Nikainuka. Imakulata akafukua taratibu, akaondoa bati. Mvuke ukatoka. Wale wanawake wa jumuiya wakarudi nyuma, halafu harufu ikawafikia, wakasogea tena, karibu kuliko mwanzo. Ilikuwa iliki, karafuu, kitunguu saumu, na mbuzi. Akakata kamba, akafunua majani. Lilikuwa paja. Alipoligusa, mfupa ukatoka wenyewe kama mtu anayevua kiatu.

Mathias akakaza kifuniko cha chupa yake, akafanya ishara ya msalaba, akasali ya chakula.

Tukala chini kwenye zulia, sinia moja. Nilikula. Nilikuwa na njaa ya siku nyingi. Imakulata hakunitazama hata mara moja. Alijua nilimdhania nini, na watu wote walijua.

Hilari akafuta vidole.

"Shemeji, hatukuja kula. Tumekula, lakini hatukuja kula. Dada yetu ulimtunza, na yeye alikutunza. Hatutaki njia ya kuja hapa iote majani. Wazee wamesema tukupe huyu."

Nikamtazama Imakulata nione furaha yake. Hakuwa nayo. Alikuwa ameshika mfupa, mdomo wazi.

"Kaka, nani amekutuma?"

"Nitumwe na nani? Umekaa kwa mgane mwezi mzima."

"Si nilikuambia? Kwako kuna bani la kukaushia tumbaku. Moshi wake unaingia kwenye ndimu zangu za kuuza, na ndimu yenye harufu ya tumbaku haina mnunuzi. Hapa kuna kichanja cha dada. Nimekuja kwa kichanja. Sikuja kwa mwenye kichanja."

Jeska akacheka mpaka akashika ukuta.

"Na huko kuniita mume kila siku?" nikauliza.

"Shemeji, nisikutanie wewe nimtanie nani? Katekista?"

Mathias akasema asiingizwe.

Niliona nafuu. Kisha nikaumia kidogo, jambo ambalo sikulitegemea.

Baba mdogo Raymundi hakucheka. Akagonga fimbo. "Basi yameisha. Funga mizigo, twende Isikizya. Mwanamke hakai kwa mgane bila jina. Ama ni mke, ama anaondoka leo."

Imakulata akaanza kukusanya vikombe. Najua chumba alichotengewa kwa Hilari, ni cha magunia ya mbolea. Mtu aliyeona dunia yote ile, akarudi nayo kwenye masanduku mawili, anakwenda kuifungulia kwenye magunia. Na usiku wote nilikuwa nimelala nikimwita mchawi.

"Baba Raymundi," nikasema, "mimi mke sitaki. Huyu mume hataki. Tumeelewana kuliko watu wengi waliooana. Atakaa."

"Watu watasema."

"Anayesema hapa ni Jeska. Jeska ameshiba."

"Na sijasema bado," akadakia Jeska. "Nasubiri mchuzi."

"Anapita mlango gani?" akauliza mzee. "Mlango wako. Anaingilia kwako, anatokea kwako. Hilo siyo la Jeska, hilo ni la mila."

Hapo alikuwa na haki. Nikafikiri. Jiko la Benigna liko nyuma, na ukuta wake mmoja unatazama barabara. Lina chumba cha kuhifadhia ambamo kitanda kinaenea.

"Atakuwa na mlango wake," nikasema. "Wa barabarani. Jiko litakuwa lake, na mlango uliopo kati yangu na yeye nitauziba mwenyewe."

Mzee akaweka fimbo chini. Akaomba kahawa. Alipomiminiwa mara ya tatu akaanza kuhema, nikamwonyesha namna ya kutikisa kikombe.

Jumatatu nilitoa sururu, nikaanza kutoboa mlango. Tofali za zamani hazikatai, zinataka uvumilivu tu. Ukuta ule niliujenga mimi na Benigna akinipa udongo, na nilipofika katikati nilipumzika kidogo. Imakulata alisimama barabarani akinielekeza. Akasema Maskati milango ina nakshi juu hadi chini.

"Nakshi nenda kaangalie kwenye nyumba za zamani za Waarabu, Kwihara. Hapa ni mbao."

"Sawa, shemeji. Na kufuli?"

"Nunua wewe. Funguo zote kaa nazo wewe, nisije nikasingiziwa."

Akanunua kufuli kubwa, la shaba, kubwa kuliko langu. Funguo zote akachukua. Anafunga asubuhi, anafunga mchana, hata akiwa humo humo ndani anafunga. Mpaka leo sijui anaficha nini.